Shikamoo ya Fausta

Bi Filomena wa Magomeni, pale Kilosa mjini, alikuwa mtu wa heshima zake. Mtoto akipita mbele ya kibanda chake cha maandazi bila kumwamkia, aliitwa akarudi, akaamkia, akaulizwa ni wa nani, na jioni mama yake naye akapata sehemu yake. Hata watu wazima walimwamkia wakiwa bado mbali, wasije wakajisahau. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumwita kizee, kuchukua andazi la moto bila kuuliza, na kuondoka akitafuna. Huyo alikuwa Fausta, nesi wa wodi ya wazazi.

Ruhusa hiyo hakuipata kwa unesi. Fausta ni Mnyamwezi. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge Kimamba, akaoa, akazaa, akazeekea huko huko. Bi Filomena ni Msagara wa Zombo. Na Mnyamwezi na Msagara ni watani tangu enzi za misafara ya miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi, kwa hiyo mambo ya shikamoo na marahaba kati yao hayapo. Wakikutana ni kutukanana, tena hadharani, na mgeni asiyejua anaweza kukimbia kuita mgambo.

"Kizee, hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani maandazi, mla michembe ya viazi wewe? Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, akaomba maji, tukampa. Tangu siku hiyo kasahau njia ya kwao."

"Mlimkimbia mkajificha mlimani, akakosa wa kumwelekeza!"

Hivyo ndivyo walivyoishi, miaka nenda rudi. Kuna siku Fausta alimwambia kwamba watu wa mifugo wanapita nyumba kwa nyumba kukamata majogoo wekundu. Bi Filomena alikuwa na jogoo mwekundu aliyempenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Akamficha uvunguni kutwa nzima, na jogoo akachagua kuwika wakati katekista yuko sebuleni anaongoza sala. Bi Filomena akalipiza kwa kumpelekea Fausta hotpoti yenye jiwe la mtoni, limeungwa vizuri kwa nyanya na nazi. Hotpoti ilirudi na ujumbe kwamba nyama ilikuwa ngumu kidogo, ila mchuzi ulikolea.

Hata msibani hawakuachiana. Mume wa Bi Filomena alipofariki, Fausta alivaa koti la marehemu, akakohoa kama marehemu, akashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, kama watani wanavyofanya. Waombolezaji walicheka huku wanalia, na Bi Filomena, ambaye chakula kilikuwa hakimpiti kooni tangu msiba uanze, alicheka mpaka akaomba uji. Alishukuru sana moyoni, wala hakumwambia mtu. Lakini kichwani alijiwekea hivi: mwanamke anayetania hata makaburini, huyo hana neno la kweli mdomoni. Shika hilo, maana ndilo lililotaka kumponza.

Mwanawe wa pekee, Optatus, anaziba pancha za malori kule Mikumi, kando ya barabara kuu. Huko ndiko alikompata Tumwagile, binti wa Tukuyu, mpole, mwenye tabia ya kukuangalia kwanza ndipo aseme. Mimba ya kwanza ilipokomaa, na kwa kuwa Tukuyu ni mbali, Optatus alimleta Kilosa kwa mama yake. Bi Filomena alimtunza kama yai. Alimkataza ndoo, akamkataza jiko, ikabaki kidogo amkataze na kupiga chafya.

Tarehe waliyopewa kliniki ikafika. Ikapita. Wiki nzima nayo ikapita, na nyingine ikaanza. Majirani wakaanza kuleta ushauri bila kuombwa. Mmoja alisema apakiwe kwenye bodaboda, apelekwe Zombo na kurudishwa, kwamba kwa mashimo yale hakuna mtoto atakayevumilia kubaki ndani. Bi Filomena alimfukuza kwa mwiko.

"Optatus naye alichelewa," alisema. "Alikaa humo mpaka mahindi yakaingia ghalani, na leo mwoneni alivyo."

Waliomjua Optatus walimwona alivyo: mrefu, mzima wa afya, na hana haraka na jambo lolote.

Siku ya kliniki walikwenda wote wawili, mkwe na mama mkwe. Tumwagile aliingia ndani akapimwa, akapigwa ultrasaundi, daktari akazungumza naye. Bi Filomena alibaki nje kwenye benchi. Na hapo ndipo Fausta, kwa mazoea tu, alipofanya kosa. Alitoka nje na jambo zito, akamwona mtani wake, na mdomo ukatangulia.

"Kizee! Mjukuu wako kasikia sauti yako huku nje, kagoma kutoka. Leo leo tunamwanzishia mama yake uchungu kwa dawa, tumfukuze humo ndani."

"Dawa gani? Maji ya michembe?"

"Leo, kizee. Sitanii."

"Siku utakayoacha kutania ndiyo nitakayokuzika!"

Benchi zima likacheka. Fausta alitaka kuongeza neno, lakini mlangoni wakamwita, tena kwa haraka, akaingia na hakutoka tena.

Tumwagile alipokuja, uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, wanasema nianzishiwe uchungu. Daktari kasema uamuzi ni wangu, ila nisichelewe kuwapa jibu."

"Aliyekueleza kirefu ni nani? Daktari, au yule Mnyamwezi?"

"Dada Fausta. Daktari aliitwa chumba cha upasuaji."

Bi Filomena alijipiga kofi pajani. "Nilijua! Anamtaka jogoo wangu yule. Atakulaza pale, kisha agome kukuachia mpaka nimpe jogoo, kama alivyogoma kaburini. Twende zetu nyumbani."

Tusimwonee Tumwagile. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa akipewa sababu ya kurudi nyumbani haichunguzi sana. Wanawake wa bombani walishamwambia kwamba uchungu wa kuanzishwa unauma kuliko ule unaokuja wenyewe. Na kumbishia mama mkwe mbele za watu si jambo alilolelewa nalo. Wakapanda bajaji wakarudi Magomeni, naye njia nzima aliweka mkono tumboni na hakuuondoa.

Nyumbani Bi Filomena alimpigia Optatus simu akamhadithia mzaha wote. Optatus alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani.

"Mama, una hakika ni utani?"

"Namjua Fausta kuliko anavyojijua."

Alasiri Bi Filomena alikuwa barazani anachambua maharage, Tumwagile kajinyoosha kwenye mkeka pembeni yake, alipomwona Fausta anakuja. Alikuwa bado na sare zake za kazi. Bi Filomena alifurahi kweli kweli. Maneno alikuwa nayo tayari, mapya, kuhusu babu, mzigo na miguu ya babu, na alikuwa anasubiri tu mtu afike karibu ili yasipotee hewani.

Fausta alifika kwenye baraza. Akavua viatu. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Maharage yalimwagika kutoka kwenye ungo, na hakuna aliyeyaokota. Bi Filomena aliutafuta utani kwenye uso ule, kwenye pembe za mdomo ambako siku zote hujificha, akaukosa. Akasubiri goti liinuke na kicheko kifuate. Goti halikuinuka.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Mama, asubuhi nilikosea mimi. Nilikuletea jambo la maana kwa mdomo wa utani, nawe ukalipokea kwa utani. Wewe hukukosea."

Kisha akamgeukia Tumwagile, akakaa naye mkekani.

"Mdogo wangu, siku zako zimepita, na maji yanayomzunguka mtoto yamepungua. Leo mtoto yuko salama, moyo wake nimeusikiliza mwenyewe. Ya siku zijazo siwezi kukuahidi. Tukikuanzishia, utapewa dawa ya kulainisha njia, na ikibidi dripu ya kuuleta uchungu. Utauma, sikufichi. Unaweza kuchukua kutwa nzima na zaidi. Na wakati mwingine inashindikana, tunaishia kwenye upasuaji."

"Nikisema nisubiri?"

"Hatukufukuzi. Utakuja tukupime kila mara, na ukiona mtoto hachezi kama kawaida, unakuja mbio. Lakini daktari angependa usisubiri, na mimi pia."

Bi Filomena alipata sauti yake. "Optatus alichelewa."

"Alichelewa akatoka salama, mama. Wapo waliochelewa hivyo hivyo wasitoke salama. Nimewapokea kwa mikono hii, na kwa habari zao sijawahi kumtania mtu."

Hapo Bi Filomena alifungua mdomo ili aamue. Ndivyo alivyozoea, katika nyumba ile hata mahali pa kuanika kanga aliamua yeye. Akamwona Tumwagile anamwangalia, anasubiri, mkono ungali tumboni. Akaona aibu, aibu ya kweli, kwamba asubuhi alimburuta binti wa watu kutoka hospitali kwa ajili ya jogoo.

"Mwanangu," alisema, "tumbo ni lako. Sema wewe."

Tumwagile aliketi wima mkekani.

"Hiyo dawa naiogopa," alisema. "Ila hiyo shikamoo naiogopa zaidi. Twendeni."

Fausta karibu acheke. Alijikaza.

Walimlaza jioni ile ile, na daktari akamwanzishia. Optatus alifika kutoka Mikumi na pikipiki ya kuazima, ananuka mpira na gundi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiwa na haraka. Usiku ulipita. Asubuhi uchungu ulikuwa umechanganya, na Bi Filomena alikuwa juu ya benchi lile lile alilochekea jana yake. Safari hii hakuna aliyecheka. Kila sauti iliyotoka ndani ilimpata yeye. Alimwomba Mungu, akamwomba marehemu mumewe, na baadaye akaanza kupatana nao: jogoo achukuliwe, na matetea yote yachukuliwe, hata kibanda cha maandazi.

Mara ya kwanza Fausta alipopita, Bi Filomena alimshika sare.

"Mwanangu, nitukane basi. Hata kidogo."

"Bado, mama," Fausta alijibu kwa adabu, akaingia ndani.

Adabu ile ilimmaliza kabisa. Mara ya pili hakuthubutu kuomba, alitazama tu. Fausta alimwinamia kidogo kama mtu anavyomwinamia mkubwa wake, akapita. Optatus aliuliza kuna nini. Bi Filomena akamwambia anyamaze, na Optatus, aliyeanza kuelewa, akamsogelea benchini.

Jua lilikuwa la utosi mlango ulipofunguliwa mara ya tatu. Fausta alitoka polepole, amechoka, jasho limemlowesha shingo. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya benchi, akasimama. Bi Filomena hakumtazama usoni. Alimtazama magoti. Yakikunjika tu, basi.

Magoti hayakukunjika.

"Wee kizee!" Fausta alipaza sauti mpaka watu wa dirisha la dawa wakageuka. "Umekalia benchi la serikali tangu jana kama umelinunua! Ndani kuna Msagara mpya, wa kike, kakunja uso kama wewe, anapiga kelele kama wewe, na meno hana hata moja, kama wewe! Mama yake mzima, anaomba uji. Na jogoo namtaka leo, tena umlete mwenyewe, umembeba kichwani kama babu yangu!"

Optatus alikaa chini sakafuni palepale. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa na mgonjwa wake, alisema hadharani kwamba manesi wa siku hizi hawana adabu, na kwamba mzee wa watu ashitaki.

Mzee wa watu alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, anapiga vigelegele. Alipopungukiwa pumzi aliinyoosha mikono yote miwili akamshika Fausta mashavu.

"Rudia," alisema. "Rudia, mwanangu, nisikie vizuri."

Fausta akarudia yote, kwa sauti kubwa zaidi, na akaongeza habari za masikio.