Mgongo wa Mama

Mkono wa shemeji yangu ulikuwa chini ya mgongo wa mama yangu, na mama alikuwa anacheka. Mimi nilisimama mlangoni, nimetoka kwenye ibada na dua mpya kabisa kinywani, na hakuna aliyegeuka kuniangalia.

"Polepole, baba," mama alimwambia. "Mimi si kochi."

"Ungekuwa kochi, Mama, ningeshakubadilisha kitambaa."

Akacheka tena, mwanamke ambaye nyonga haikumruhusu hata kukohoa vizuri. Wivu wangu siku ile ungeuvalisha viatu, ungekwenda kazini peke yake.

Mama alikuwa ameanguka bafuni, nyonga ikavunjika, akarudi kutoka hospitali mtu wa kulala. Na mtu wa kulala asipogeuzwa, godoro humla kwa vidonda. Dada yangu mdogo alimwosha na kumlisha, lakini kumwinua hakuweza. Kazi hiyo aliishika mumewe, fundi makochi. Alichonga godoro la sifongo, akaacha bonde penye mfupa wa nyonga na bonde jingine penye visigino. Kisha akakunja shuka chini ya mama, akawa anamvuta taratibu, ubavu huu, ubavu ule, kabla ya kwenda karakana na kila aliporudi.

"Mkwe hamshiki mkwe mgongo," nilimwambia mama, nikiwa na hakika nimeshinda.

"Kidonda hakijui ukwe," akanijibu.

Mimi nilileta maombi. Wakati huo nilikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, na sauti yangu, sijisifu, iliwahi kuifanya treni iliyokwisha ondoka irudi kinyumenyume kuuliza kuna nini. Niliomba kwa sauti hiyo hiyo. Majirani waliitikia amina wakiwa jikoni kwao. Mama peke yake ndiye aliyeitikia kwa chini, kama mtu anayepokea chai iliyopoa.

Na yule shemeji hakuwa na Mungu! Hilo ndilo lililonichoma. Zamani alikuwa naye. Tulikuwa tukiketi safu moja kwenye ibada. Kisha binti yao akashikwa na homa, bado hajajua kufunga kamba za viatu. Tukaomba mtaa mzima, mimi nikiongoza. Tukamzika. Pale kaburini mtu akamfariji, "Tulimpenda, lakini Mungu kampenda zaidi." Shemeji akamtazama kwa upole, akasema, "Angempenda kidogo tu." Hakutukana, hakupiga kelele. Ila nyumba ya ibada hakuingia tena.

Nikangoja aharibike. Mtu asiyemwogopa Mungu, niliwaza, si ataanza ulevi, si atampiga mke, si atauza sifongo kuukuu kwa bei ya mpya? Nikapita karakanani kwake mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mwenye kochi moja. Hakuharibika. Kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyozidi kunikera kwa wema wake, wema usio na mwenyewe, usiosubiri thawabu. Mimi nilikuwa mwema kwa jasho na kwa hofu ya moto. Yeye alikuwa mwema kama mtu anayejikuna.

Nikamkuta siku moja anang'oa misumari kwenye kiti.

"Hebu niambie, shemeji. Wewe humwogopi Mungu. Nini kinakuzuia usinikabe koo?"

"Shingo yako nene."

"Nakuuliza kwa dhati."

Akaweka koleo chini. "Na wewe? Asingekuwepo, ungenikaba?"

Nikafikiri. Nikamfikiria mama anavyocheka. "Siku nyingine, ndiyo."

"Basi endelea kusali, shemeji," akasema, akachukua koleo lake. "Endelea sana."

Pamoja na mabonde yote yale ya godoro, kidonda kilimtoka mama mgongoni. Alasiri moja kikamuuma hadi midomo ikabadilika rangi. Tulikuwa sote chumbani. Nikavuta pumzi nianze. Mama akainua kidole.

"Wewe pumzika. Leo aombe yeye."

"Mama! Huyu haamini!"

"Ndiyo maana. Sauti yako Mungu kaizoea. Akiisikia anasema, huyu tena."

Dada yangu akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mumewe hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la shuka, amejiinamia.

"Mama, mimi na yeye hatusemezani."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

Nilitamani akatae. Au basi adanganye, atamke maneno matamu asiyoyaamini, nami nimwone mnafiki angalau mara moja kabla sijafa. Hakupiga magoti wala hakufumba macho. Aliutazama ukuta.

"Kama upo, huyu mama anaumia, na hakukukosea kitu. Kama hupo, namgeuza mwenyewe." Akakaza pindo la shuka mkononi. "Hata kama upo, namgeuza mwenyewe."

"Amina!" mama akasema.

Amina ile ilitoka tumboni, ikapita kwenye nyonga iliyovunjika na kidonda na kila kitu. Nimewaombea wagonjwa na wasafiri, nimeomba mvua ikanyesha mtaa wa pili. Sijawahi kupewa amina ya namna ile. Nilihisi nimeibiwa mbele ya macho yangu, na mwizi hata hajui alichobeba.

"Na wewe usisimame kama mlingoti," mama akaniambia. "Shika miguu."

Nikaishika. Ilikuwa baridi, myepesi kuliko nilivyodhani mguu wa mtu unaweza kuwa. Shemeji akanielekeza kwa kidevu: chini ya visigino.

"Tuhesabu?" nikauliza.

"Usihesabu. Msikilize anavyopumua. Akishusha pumzi, tunavuta."

Nikasikiliza. Akashusha. Tukavuta, naye akatua ubavuni bila kulia.

"Asante, baba," akasema, macho ameyafumba.

Shemeji ameniapia, sijui kwa jina la nani, kwamba asante ile ilikuwa yangu.