Kule Hakuna Hilla

Siku Hilkka alipopotea, mumewe Taisto alimshusha kwenye njia panda ya changarawe, akampa ndoo zake mbili, akageuza gari na kuondoka bila kutazama kwenye kioo. Ndivyo alivyofanya kila Julai tangu waoane. Mahali mtu anapochuma hilla, yale matunda ya manjano ya kwenye vinamasi, hapaulizwi, hata na mwenzi wa kitanda kimoja. Mama humnong'oneza bintiye akikaribia kufa, na wengine hufa na siri yao. Hilkka alikuwa hajamwambia binti yake. Bado alikuwa na nguvu. Kumchungulia mkeo ameshika njia ipi ni utovu wa adabu, na Taisto alikuwa mtu wa adabu. Jioni alirudi kumchukua. Akangoja. Akapiga honi, akangoja tena. Hakutokea mtu.

Polisi walipomuuliza mkewe alielekea upande gani, mzee alivua kofia yake.

"Sijui," alisema. "Sikutazama."

Mwaka uliofuata, hilla zilipoanza kuiva, binti yao Virpi aliomba likizo, akamchukua baba yake, ambaye sasa aliishi kwake mjini Oulu, na mdogo wake Jouko, wakaondoka asubuhi kuelekea kijijini. Hakuwa na ndoto ya kumkuta mama hai. Alitaka kitu cha kuzika. Baba alikuwa amezeeka ghafla. Alilala kwenye kiti cha jikoni na viatu miguuni, kama mtu atakayeitwa wakati wowote.

Barabara ilinyooka katikati ya misonobari. Walipita mashamba yaliyokwisha kukatwa majani, vituo vya mabasi visivyo na abiria, nyumba nyekundu zilizohamwa. Mbele kidogo kulungu wa kufugwa walikuwa wamesimama katikati ya lami, hawana haraka. Jouko akasimamisha gari.

"Mama angeshuka awafukuze kwa kofia," alisema.

"Angekutuma wewe."

"Na mimi ningekataa, kisha ningeenda."

Kwenye kiti cha nyuma baba hakucheka. "Laiti ningetazama mara moja tu," alisema. "Nani angejua?"

Jouko akaliondoa gari tena. Walikwisha kumjibu mara nyingi, na hakuna jibu lililomfaa.

Walifikia kwa Aune, mjane aliyesoma darasa moja na Hilkka na kukaa naye jirani maisha yote. Alikuwa ameshaandaa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Aliwakumbatia, akamfuta Taisto mabega kama yana vumbi, akawaketisha.

"Umekonda, Taisto. Wanao hawakulishi?"

"Wananilisha. Chakula hakipiti."

Virpi hakuwa na subira ya mazungumzo ya mezani. "Mama Aune, watafutaji walipita vinamasi vyote vya upande huu. Kile cha ng'ambo ya mto, Hanhisuo, hawakukigusa. Kwa nini?"

"Kule hakuna hilla," alisema Aune upesi, huku akimimina. "Hata yule mkuu wao nilimwambia. Kule haendi mtu, ni maji matupu."

Jouko akatabasamu. "Mama Aune, hapa kijijini mtu akisema hakuna hilla, ujue ndoo yake iko mlangoni."

Siku nyingine Aune angemwita mpumbavu na kumkatia kipande kidogo cha mkate. Safari hii aliendelea kumimina. Birika lilibaki limeinama, kikombe kikajaa, kahawa ikamwagika kwenye kisahani, kisha kwenye kitambaa cha meza. Virpi alimtazama usoni akaelewa. Mdomo ulikuwa umesema kabla ya kichwa. Ulikuwa umesema hivyo tangu usichana, kwa wageni, kwa majirani, kwa ndugu wa damu. Na siku ile ulimwambia vivyo hivyo mtu aliyekuja na mbwa kumtafuta Hilkka.

"Aune," alisema Taisto kwa upole. "Mnachuma kule?"

"Mimi upande wa kusini. Yeye kaskazini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hatukuwahi kuambiana. Tulikutana mara moja, kila mtu akajifanya hakumwona mwenzake."

Hakuna aliyemaliza kahawa.

Walivuka mto kwa daraja, wakaingia kinamasini na mabuti ya mpira, mbu wakiwafunika nyuso. Hanhisuo palikuwa pamekuwa manjano hadi ukingo wa msitu. Virpi hakuwahi kuona hilla nyingi namna ile, na hakuchuma hata moja. Upande wa kaskazini, kando ya kidimbwi cheusi, Jouko aliona ukingo wa ndoo umechomoza kwenye mimea laini ya kinamasi. Mpini ulikuwa umezungushiwa uzi wa sufu wa bluu, kama mama alivyozungushia ndoo zake zote. Ndani mlikuwa na tope la matunda ya mwaka jana. Ilikuwa imejaa.

Baba alisimama, maji yakimfika magotini, akamwita mkewe. Hakupaza sauti. Alimwita kama mtu anavyoita aliye chumba cha pili. Virpi alimshika mkono wa koti, maana alikuwa anaendelea kwenda mbele.

Polisi walikuja tena. Walitumbukiza miti mirefu kwenye vidimbwi, na miti haikugusa chini. Walitafuta mpaka theluji ikaanguka, wakaacha.

Aune alituma salamu, na salamu hazikujibiwa. Virpi alijaribu kumchukia, lakini chuki haikushika. Kama angekuwa yeye amesimama pale mlangoni siku ile, akaulizwa na mgeni kama kule kuna hilla, angesema hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mahakama imekwisha kumtangaza Hilkka kuwa marehemu. Makaburini kuna jiwe moja la kuwakumbuka wote waliozikwa kwingine au wasiopatikana, na Siku ya Watakatifu Wote Virpi huwasha mshumaa hapo, katikati ya mishumaa ya watu asiowajua.