Gauni Kwenye Msumari wa Mwisho

Akisema kwamba alikulia ndani ya bustani ya starehe, watu humwonea gere. Wanadhani utoto wake wote ulikuwa bembea, barafu za rangi na kupiga mbizi mtoni. Kitinda huwaacha wadhani hivyo. Na si uongo: alijua kuogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na bembea alipanda bure mpaka akazichoka.

Mama yake alikuwa mtunza nguo. Chumba chake kilikuwa pale mto unapopinda, kina dirisha moja, na kuta zake zilijaa misumari kutoka chini hadi juu, kila mmoja na namba yake. Mtu akija kuogelea alimkabidhi mama nguo zake, naye akazitundika na kumfunga kibati chenye namba mkononi. Akitoka majini analeta kibati, anapewa nguo. Bila kibati hupewi, hata uwe nani. Meneja mwenyewe aliwahi kusimamishwa pale dirishani na chupi yake, meno yanagongana, mpaka kibati chake kilipopatikana matopeni. Watu walimwita Mama Misumari, naye jina hilo alilipenda.

Misumari ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Jioni, kabla ya kufunga geti, mama alipitisha macho ukutani. Nguo zikibaki, basi mtu bado yumo majini: anapuliza filimbi, na mzamiaji wa bustani anajitosa. Walevi kadhaa waliponea hapo. Ukuta ukiwa wazi, mama husema, "Mto mtupu," anapiga kufuli, wanakwenda zao.

Ila watoto wake mwenyewe hawakuwa na msumari. Wa nini? Nyumba ilikuwa nje tu ya geti. Walitoka huko wameshavaa nguo za kuogelea, wakarudi nazo zinachuruzika. Tena dada yake Kitinda, ambaye bustani nzima ilimwita Chura, aliogelea kumshinda hata mzamiaji. Alikuwa mchokozi yule! Atakuvuta mguu chini ya maji, upige makelele, kisha aibukie mbali huko anacheka. Nani angehangaika kumwekea Chura msumari?

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yakabadilika rangi na kuanza kwenda kasi. Wateja walitoka mapema. Mama akatazama ukuta, hakuna hata kitambaa.

"Mto mtupu," akasema.

"Na Chura?" Kitinda akauliza.

"Chura keshatangulia, si unaijua njaa yake? Twende haraka, tusije tukakuta sufuria jeupe."

Wakacheka wote wawili. Kitinda alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kicheko hicho hajakisahau. Nyumbani Chura hakuwepo. Mzamiaji alimtoa asubuhi yake, amenaswa kwenye mizizi, chini kabisa ya dirisha la mama.

Matanga yalipokwisha, mama alirudi kazini. Hakuna aliyemlaumu mbele ya uso wake, na pengine ingekuwa heri wangemlaumu. Alichukua nyundo akapigilia msumari mpya mwisho wa ukuta, hauna namba, akatundika gauni la njano la Chura. Tangu siku hiyo akakataa kufunga geti. Ukutani kuna nguo, basi mtu yumo majini. Alipuliza filimbi, na mwanzoni mzamiaji alijitosa kwa huruma tu. Baadaye akawa anaondoka kabla filimbi haijalia. Mama alibaki pale dirishani, macho mtoni, mpaka majirani waje kumbeba. Mara moja Kitinda alilificha lile gauni. Mama alilia kwamba mali ya mteja imeibwa, akataka kuwapekua watu wote bustanini.

"Mama, nakuonea uchungu," meneja akamwambia, "lakini geti haliwezi kulala wazi. Tukiendelea hivi nitatafuta mtu mwingine."

Mama hata hakugeuka. Kitinda ndiye aliyesikia, akajua kuwa kazi ikiondoka, mama naye ataondoka. Na yeye hatabaki na kitu chake duniani.

Jioni iliyofuata akapiga moyo konde. Tangu msiba hakuwa amegusa maji ya mto ule, hata kunawa miguu. Akaingia roho mkononi, akazama kichwa kizima, na huko chini akafumba macho asije akaiona ile mizizi. Akatoka, akaenda kusimama dirishani.

"Naomba nguo zangu."

Mama akamkodolea macho. "Kibati?"

Hilo Kitinda hakuwa amelifikiria. Jibu likamtoka tu: "Hukunipa, mama."

Midomo ya mama ikacheza. Akaenda mpaka mwisho wa ukuta, akalitungua gauni, akalipitisha dirishani kwa mikono miwili.

"Umekawia, Chura," akasema. Kisha akautazama ukuta. "Mto mtupu."

Akapiga kufuli. Wakaenda nyumbani, mama akala, akalala usingizi wa kweli. Asubuhi gauni likawa liko tena msumarini.

Kumbukumbu za Kitinda za kuogelea ndizo hizo. Kila jioni, kiangazi na masika, aliingia mtoni akiwa yeye na kutoka akiwa marehemu. Meneja aliona, akaacha kutafuta mtu mwingine. Mzamiaji alishindwa kumtazama usoni. Naye Kitinda alikuwa anakua, tena kwa pupa, kana kwamba mwili wake una ugomvi na ile nguo. Akaifumua mishono ya ubavuni kwa siri, akaongeza vitambaa. Akajifunza kupumua nusu.

Halafu ikafika jioni gauni likagoma mabegani. Alivuta. Akavuta tena, mikono juu, uso umefunikwa na kitambaa cha njano, akaogopa hata kutoa pumzi.

Akahisi mikono ya mama ikimvua taratibu.

"Acha kulazimisha, binti, utamchania mwenzio," mama akasema kwa upole, kwa sauti ile aliyokuwa akiwasemeshea wateja waliopotea. Akalikung'uta gauni, akalirudisha msumarini, akalinyoosha pindo. "Hii si yako. Mwenyewe mdogo kuliko wewe."

Kisha akaichukua filimbi.