Utitiri wa Mama Sijaona

Mnyambe nzima hakuna aliyefuga kuku kama mimi, na anayebisha aje tubishane. Mwaka ule Wazungu walipoanza kukata tamaa na karanga zao kule Nachingwea, nilikuwa na matetea ishirini na saba. Kapu langu la kuatamishia lilikuwa na sifa mpaka vijiji vya jirani. Weka mayai kumi na mawili, utatoa vifaranga kumi na wawili. Wanawake walikuwa wakiliazima wapate bahati yake, nami nikiwapa huku nimeinua pua juu.

Ndipo mwanangu Sijaona akaolewa na kijana wa Chiungutwa. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa kina mke, basi akaja na virago vyake, baiskeli isiyo na kengele na jogoo mmoja mwekundu. Mkwe ni mkwe. Yeye hanisogelei, mimi simtaji jina. Nikiwa na neno naye namwambia Sijaona kwa sauti ya kumfikia aliye nyuma ya ukuta.

Jogoo yule hakuachwa achanganyike na kuku wangu. Alifungwa mguu nyuma ya nyumba yao, na kibanda chake na maji yake, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona ni dharau. Kuku wangu wana nini hata wakimbiwe?

Mwezi haujaisha, kuku wakaanza kunyong'onyea. Vilemba vya vichwani vikapauka. Jioni wakawa hawataki kuingia bandani, wanapanda mkorosho. Tetea aliyekuwa kapuni akayasusa mayai yake, na wengine watatu wakafa.

Wifi yangu Mwanasha akapata la kusema. "Mama Sijaona, ni nani jogoo wake mzima? Kamtenga kwa sababu anajua alichowafanyia kuku wako!"

Neno likamfikia kaka yangu Halfani, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya binti. Akasema tutakaa Ijumaa baada ya swala, na kama ni kweli, kijana arudi kwao. Sijaona alikuwa na mimba changa. Alilia mpaka macho yakavimba. Mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Alhamisi asubuhi Sijaona akaja mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mume wangu anasema ni utitiri."

Niliruka kama niliyekalia siafu. "Utitiri? Kwangu? Utitiri ni wa wanawake wavivu! Nimewapekua manyoya mchana kweupe, sikuona hata mmoja!"

"Anasema wa aina hii mchana haukai mwilini. Unajificha kwenye nyufa za miti, usiku ndio unatoka kunyonya damu. Alitunza kuku wa Mzungu Nachingwea miaka miwili, anaujua. Kila kuku mgeni walikuwa wanamtenga kwanza, ndiyo maana akamtenga jogoo wake. Anakuomba upitishe kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia kuku. Na kingine upitishe kwenye kibanda chake."

Nilikubali ili nimwumbue tu. Nikachana bafta vipande viwili, nikaanza na kibanda cha jogoo. Nilifuta kila pembe, nikaambulia vumbi. Nikarudi kwangu, nikainama bandani, nikakisugua kile cha pili chini ya ufito wa kwanza, kwenye ufa.

Kilitoka na michirizi ya damu. Juu yake vilitembea vidudu vidogo kuliko mbegu ya ulezi, vyekundu, vimeshiba. Mkono ukaanza kuniwasha. Nikalinyanyua lile kapu, na kila mshono ulikuwa unachemka utitiri. Kapu lililozunguka nyumba sita likarudi, na sikuwahi kulimwagia maji ya moto wala kulianika, nikiogopa kuifuta bahati.

Nilikaa chini palepale kwenye kinyesi cha kuku. Hakuna aliyeniona. Niliwaza kukifua kile kitambaa. Nasema kweli, niliwaza.

Ijumaa watu walijaa mikekani. Yule kijana alikaa pembeni, kichwa chini. Halfani hajamaliza kukohoa, nikasimama nikatandaza vipande vyangu viwili.

"Hiki safi kimetoka kwenye kibanda cha jogoo wake. Hiki cha damu kimetoka kwangu. Ni utitiri, na umekuja na kapu langu mwenyewe."

"Wifi," Mwanasha akasema, "unajiaibisha mbele za watu?"

"Naam. Na kesho nakuja kwako na bafta."

Watu wakacheka, na Halfani akacheka nao. Akasema kijana anabaki, kikao kimekwisha.

Kazi ikaanza kesho yake. Huku juu kwetu maji ni safari, unashuka bondeni alfajiri unarudi jua likiwa utosini. Kijana akafunga madebe mawili kwenye baiskeli, akaisukuma kupanda mlima huku wanaume wenzake wakimzomea kwamba anawaogesha kuku. Sijaona na mimi tukayachemsha, tukamwagia kila ufa. Majani yote ya viota na kapu tukavitia moto. Tukachimba shimo la majivu na tumbaku iliyosagwa, kuku wajigaragaze. Siku ya saba akashuka tena bondeni, kwa sababu mayai ya utitiri yanakuwa yameanguliwa, na hapo hakuzomewa na mtu.

Vilemba vikarudi kuwa vyekundu. Asubuhi moja wanawake kumi na mmoja, Mwanasha akiwa mbele, walikuja uwanjani kwangu na vitambaa vyao vya damu. Walitaka niwafundishe.

Mkwe wangu alikuwa ng'ambo ya uwanja, amenigeuzia mgongo kama adabu inavyotaka. Kifua kilinijaa fahari ambayo sikuwahi kuipata kwa kuku.

"Majaliwa!" niliita, na wanawake wote wakashika midomo. "Majaliwa, mwanangu, njoo uwafundishe."

Aligeuka taratibu. "Naam, mama," akasema, akaja.