Barua ya Kumwomba Radhi Mwenye Wimbo

Mchezo wenyewe ni wa kompyuta, wa kulima mpunga na kufuga bata. Naucheza, najirekodi, kisha naweka video mtandaoni. Kampuni yenye mchezo haina neno na picha zake, ila muziki wake ukisikika tu, video inaondolewa. Kwa hiyo sisi wa kazi hii huzima sauti ya mchezo na kutafuta muziki mwingine.

Mimi niliupata kwa jirani. Nong Sidro, yaani Mzee Sidro kwa heshima ya kwetu, ni fundi wa magitaa hapa Lapu-Lapu, Ufilipino, na kila gitaa akilimaliza hulijaribu kwa wimbo uleule alioutunga mwenyewe. Nilimrekodi kwa simu kutoka dirishani kwangu. Nilijiambia nitamwambia kesho, na kesho zikapita mwaka mzima.

Video zikapendwa. Watu wakaanza kuuchukua ule muziki na kuuweka kwenye video zao, nami, bila haya, nikapandwa na hasira! Nikajaza fomu ya kuusajili. Penye jina la mtunzi nikaandika Marivel Ompad, yaani mimi. Tangu hapo mashine ya mtandao ikawa inawasaka wezi kwa niaba yangu.

Jumatatu asubuhi Nong Sidro akabisha hodi, vumbi la mbao limemjaa nywelini, simu mkononi, akaniita Inday, kama wazee wa hapa wanavyowaita wasichana.

"Inday, wewe ndiye mtaalamu wa haya mambo. Hebu nisomee hapa, miwani imenishinda."

Nikasoma. Video zake tatu za kuwaonyesha magitaa wateja wa mbali zilikuwa zimeondolewa, na sasa ukurasa wake wote umefungwa, kwa kosa la kutumia wimbo wa mtu. Mlalamikaji ametajwa kwa jina la ukurasa wangu, ambalo yeye halijui.

"Mashine hukosea, Nong," nikasema.

"Ndivyo nilivyosema mara ya kwanza. Na ya pili. Hii ya tatu nimeanza kujiuliza. Nimefanya kazi melini miaka kumi na tisa, binti yangu, nimesikia redio za bandari ngapi? Labda niliusikia mahali, nikasahau, nikajidanganya ni wangu." Akacheka kidogo. "Mwizi mwenye mvi hizi! Marehemu mke wangu angenizomea."

"Usiseme hivyo."

"Niandikie barua. Ya heshima. Mwambie mwenye wimbo sikujua, anisamehe, sitaupiga tena. Tangu jana siupigi."

Nikavuta kompyuta. Nikaandika, "Kwa mheshimiwa mwenye wimbo," vidole vikagoma. Nikisema kweli, ukurasa wangu nao utafungwa, na ndio kazi pekee niliyonayo. Nikinyamaza, mzee huyu ataniomba radhi mimi, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijichukia.

"Nong, barua hii inakuja kwangu. Mimi ndiye niliyekushtaki. Nilikurekodi dirishani, halafu nikaandika kwamba wimbo nimeutunga mimi."

Nikangoja matusi. Niliyataka. Angenitukana ningepata hata pa kushika. Yeye akaiweka simu yake mezani.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "sikuuiba popote?"

"Hukuuiba, Nong. Ni wako."

Akakaa kitini, akajifunika uso kwa viganja, akalia kama mtu aliyetua mzigo. Nilitaka kumshika bega. Sikuthubutu.