Spika za Nyuma

Spika zisizo na waya zilifika jikoni kwangu zikiwa na waya. Masalu, mume wangu, alizinunua Tunduma pamoja na hom thieta yake, na tangu ashuke kwenye basi alikuwa akinitambia kwamba sauti inapita hewani. Kumbe kikasha cha kuipokea hiyo sauti kinataka umeme. Basi akavuta ekstensheni kutoka sebuleni, akaipitisha juu ya kamba ya nguo, akaiingiza kwa dirisha la jikoni. Nikamuuliza kama hizo ndizo zisizo na waya. Akasema mimi wa kijijini Mpui mambo haya sitayaelewa.

Mahali pa spika hizo hasa ni nyuma ya kochi. Lakini kwenye kochi alikuwa amekaa baba mkwe, aliyepanda kutoka Milepa kuja kutibiwa macho, na mzee hakutaka kitu kinachoongea nyuma ya kisogo chake. Ndiyo maana zikaletwa kwangu, moja juu ya debe la unga, nyingine juu ya kabati la vyombo. Masalu aliona amenifanyia hisani.

Katika ukoo wao mkamwana haketi chumba kimoja na baba mkwe, wala hawasemeshani. Neno likiwepo, mume ndiye analibeba, kulipeleka na kulirudisha. Sikatai, ni heshima. Ila nyumba yetu ina mlango mmoja wa kutokea barabarani, nao uko sebuleni, na uani kumezungushiwa ukuta. Mzee akikaa kwenye kochi asubuhi, mimi sitoki mpaka aende kuota jua. Na Sumbawanga jua lenyewe mnalijua, siku nyingine halina nguvu hata ya kukausha kanga.

Hapo ndipo nilipozijua spika za nyuma. Wao sebuleni walitazama video na kuwasikia watu wakizungumza. Kwangu maneno hayakufika, kumbe spika za nyuma hupewa vishindo tu. Nilisikia mvua, nikasikia viatu, nikasikia gari linaondoka na mlango unafungwa. Nani kaondoka, sikujua. Kilichofika kikiwa kizima ni sauti ya Masalu mwenyewe, kwa sababu hom thieta ilikuja na maiki, na aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Spika za sebuleni zilipiga mluzi kila akiishika, akazipunguza hadi mwisho, zikabaki za jikoni tu. "Rhoda, chai." "Rhoda, maji ya kunawa." Mimi sikuwa na cha kumjibia.

Wakati huo Naima wa Majengo alikuwa amenipa cherehani dukani kwake, nishone sare kabla shule hazijafunguliwa. Kushona ndiyo kazi niliyokuwa naijua kabla sijajua kuchemshia watu chai. Nilimwomba Masalu amuulize baba. Akarudi akasema, "Baba amekataa. Anasema nani atamwangalia." Nikamwomba tena, jibu likawa lile lile. Nilimchukia yule mzee, nasema ukweli. Nilimpikia maharage kwa kinyongo mpaka najishangaa hayakumdhuru.

Jumapili moja akaja baba mdogo Amos, mdogo wake mzee. Naima alikuwa ameniletea ujumbe kwamba akikosa jibu siku hiyo, cherehani anampa mwingine. Nikamshika Masalu mkono, nikamwambia, "Muulize leo, mbele ya baba mdogo." Akaitikia. Kwanza akamwonyesha baba mdogo maiki yake, akaagiza chai mara mbili bila sababu, kisha akaiweka mezani. Kuizima akasahau.

"Mkamwana wako anapika vizuri, kaka," nikamsikia baba mdogo, karibu kabisa, kwenye spika ya juu ya debe la unga.

"Anapika," mzee akasema. "Lakini Masalu, ile kazi ya kushona imeishia wapi? Si nilikwambia mwache aende? Mimi uji unanitosha."

"Mwenyewe hataki, baba," Masalu akajibu. "Anasema hawezi kukuacha peke yako."

"Basi mwambie nimeshukuru."

Mwiko ulibaki mkononi, sufuria ikaungua. Nilikuwa nimemchukia mtu ambaye alikuwa ananifungulia mlango, nikalala na aliyeufunga. Hasira ilinipanda mpaka nikahisi baridi.

Masalu akaja kuchukua chai. Akasimama mlangoni, uso umetulia kabisa.

"Nimemuuliza," akasema. "Baba amekataa."

Kabla sijamjibu, ikasema spika.

"Inanisumbua, Amos," ilikuwa sauti ya mzee. "Mtoto wa watu anapoteza kazi yake kwa ajili yangu, na hata kumwambia mwenyewe siwezi."

Masalu akaitazama spika, kisha akanitazama mimi. Akanyoosha mkono kwenye waya. Nikasimama mbele yake.

Ningeweza kukimbia mpaka sebuleni. Lakini kwa kuingia tu ningekuwa mkamwana asiye na adabu, na mzee angefunika uso asinitazame, na neno langu lingepotelea hapo hapo. Wa kulibeba alikuwa ni huyu huyu.

"Rudi," nikamwambia. "Kamwambie nataka kwenda. Mimi nipo hapa, nasikiliza."

Akatoka bila chai. Nilisikia mlango wa sebule, nikasikia viatu vyake, nikasikia kochi likimpokea. Akakohoa.

"Baba," akaanza.

Kisha kikasikika kitu kidogo, kama mtu anayevunja kijiti. Taa ya kijani kwenye kikasha iliendelea kuwaka, lakini spika hazikutoa neno, hata pumzi; safari hii kuizima maiki hakusahau. Nilisogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika.

Baadaye alirudi. Hakunitazama, alitazama birika.

"Baba amekataa," akasema.

Nikammiminia chai, akaipeleka.