Mstari wa Florence

Mimi Musila, mwandishi wa mabango hapa Kitengela, sijawahi kuwa na akili ya kunyamaza. Mwaka wa 1992 Florence, mjane mwenye cherehani jirani yangu, alipojitosa kutafuta tiketi ya udiwani, wanaume walisema aendelee kushona marinda. Nilikasirika sana. Florence ndiye pekee aliyenisalimia kwa jina kila asubuhi. Kwa wengine nilikuwa mtu wa rangi tu.

Basi nikachora katuni kwenye ukuta wa bucha, niwacheke hao wanaume. Florence yuko mbele na rungu mkononi kama mzee wa baraza, nyuma yake wanawake wa kikundi chake, na pembeni waume zao wanafua nepi. Kosa langu ni kwamba sijui kuchora mtu asiye na sura. Kati ya wanawake hao, Nzembi nilimpa pengo lake, Purity kilemba chake, na Kisemei, mume wa Purity, nikampa masikio yake yote mawili. Mji ulicheka siku tatu. Siku ya nne waume waliochorwa walifika nyumbani wamenuna, na wake zao wakaacha kupita kwa Florence.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Siku ya mlolongo watakuja. Waliniahidi."

Uteuzi wa chama ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea katika uwanja wa shule, naye mgombea alikatazwa kugeuka, asije akawakazia watu macho. Mstari wa mpinzani wake ulifika hadi geti la shule. Nzembi na Purity walikuwa humo, kila mmoja na mumewe nyuma yake. Nyuma ya Florence palikuwa na nyasi. Alisimama wima ndani ya gauni alilojishonea, akiwangoja.

Nilijibanza kwenye ua, nikiogopa kuchekwa. Mwanamume mmoja nyuma ya mjane, hiyo nayo ingekuwa katuni. Lakini karani alipoanza kuhesabu, roho iliniuma nikavuka uwanja.

Florence alisikia hatua zangu.

"Nzembi, ni wewe?" aliuliza, akitazama mbele. "Hao wengine wako wapi?"

Nilisimama nyuma yake. Karani akatufikia, akaniangalia, akaandika.

"Mmoja," alisema. "Mama, sasa unaweza kugeuka."

Florence hakugeuka.